Al-Jazari: Fundi aliyeandika alichokwisha kukijaribu

 

Ndugu wasomaji, tunapowataja wanazuoni wetu waliotangulia, aghalabu tunawataja mafaqihi, wafasiri na wapokezi wa hadithi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miongoni mwa watu wa elimu walikuwamo pia watu wa karakana, walioshika nyundo na bikari. Leo tunamzungumzia mmoja wao, Badi'uzzaman Abul-'Izz Ismail bin Razzaz al-Jazari.

Jina la al-Jazari linatokana na Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Mnamo mwaka 570 Hijria, sawa na 1174 Miladia, zama za Salahuddin al-Ayyubi, aliingia katika utumishi wa watawala wa ukoo wa Artuq, ambao makao yao baadaye yalikuwa Diyarbakir, mji ulioko leo kusini mashariki mwa Uturuki. Alimtumikia baba, kisha mwanawe mmoja, kisha mwanawe wa pili, Nasiruddin Mahmud. Mfalme huyu wa mwisho ndiye aliyemwamuru aandike kitabu, ili kazi za mikono yake zisipotee pamoja naye. Kitabu hicho, chenye vyombo 50 vilivyogawanywa katika mafungu sita, kilikamilika mwaka 602 Hijria, yaani 1206 Miladia.

Miongoni mwa vyombo hivyo kipo cha kutilia udhu. Mfalme hakupenda mtumishi amwagie maji mikononi, na al-Jazari akamtengenezea chombo kinachomimina maji chenyewe kwa kiasi. Ipo pia saa kubwa ya maji yenye umbo la ngome, ambayo kimo chake kilipita mita tatu. Sisi wa Mwanza, tulio karibu na ikweta, mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Diyarbakir mchana hukaribia saa 15 wakati wa kiangazi na hupungua chini ya saa 10 wakati wa baridi. Kwa kuwa watu wa zama zile waliugawa mchana katika saa 12 daima, uwe mrefu au mfupi, al-Jazari alilazimika kuipa saa yake njia ya kurekebisha mwendo wa maji siku hadi siku.

Mbele ya saa hiyo walisimama wapiga ngoma wa kutengenezwa. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha mtaimbo wenye meno yaliyochomoza, na kila jino lilipopita lilisukuma wenzo, nao ukanyanyua mkono wa mpiga ngoma. Mpangilio wa meno ndio uliopanga mapigo. Jino la namna hiyo mafundi wa leo huliita kamu, na mtaimbo wake kamshafti. Wazo lenyewe lilikuwapo kabla yake, Uyunani na China. Naye hakujidai kuwa wa kwanza. Aliwataja waliomtangulia, wakiwamo Banu Musa wa Baghdad.

Kamu hiyo imo katika maisha yetu kila siku. Injini ya dizeli ya mipigo minne, iwe ya mashine ya kusaga au ya meli inayovuka kwenda Bukoba, huvuta hewa na kutoa moshi kupitia valvu zinazofunguliwa na kamu zenye umbo la yai. Kamshafti huzunguka mara moja wakati shafti kuu inazunguka mara mbili. Kamu ikilika, valvu hufunguka pungufu na injini hukosa nguvu. Na chombo kilichokosa nguvu katikati ya ziwa lenye mawimbi ni hatari kwa roho za watu.

Siku hizi kijana anayesomea uhandisi huchora kamu kwa programu ya kompyuta. Huanza na duara la msingi, akapima ni nyuzi ngapi za mzunguko valvu ipande, ngapi itulie wazi, na ngapi ishuke. Kisha huunganisha vipimo hivyo kwa mkunjo laini usio na kona, kwani kona hugonga na kuvunja. Mwisho hulipa umbo unene wake, akalizungusha kwenye kioo na kutazama mwendo kabla chuma hakijakatwa.

Al-Jazari hakuwa na kompyuta, lakini adabu hiyo alikuwa nayo. Alitengeneza vielelezo vya karatasi kabla ya kukata shaba. Aligandisha mbao tabaka juu ya tabaka ili zisipinde, na matundu ya maji aliyapima mpaka yakatoa kiasi sahihi. Michoro yake aliiwekea herufi kila kiungo ili asomaye aweze kujenga. Alieleza kwamba alisoma vitabu vya waliotangulia na akaona kuwa ufundi ambao haujathibitishwa kwa vitendo hubaki ukining'inia baina ya ukweli na uongo. Kwa sababu alishika msimamo huo, mwaka 1976 mafundi wa London waliweza kuijenga upya saa yake ya ngome, nayo ikafanya kazi.

Hapa ndipo penye funzo kwa wazazi. Wapo wanaodhani karakana ni mahali pa mtoto aliyeshindwa shule, na kompyuta ni ya aliyefaulu. Fikra hii huwadhuru wote wawili. Anayechora bila kugusa chuma hajui kamu huanzia wapi kulika, na anayekereza bila kujua kuchora hubaki akiiga kipuri kilichokwisha kuharibika. Al-Jazari aliyabeba yote mawili, na wafalme watatu walimheshimu kwa hilo.

Basi mwanao akipenda grisi na vyuma, usimwonee haya. Mpe na daftari la kuchorea. Na akipenda kompyuta, mpeleke wakati wa likizo kwa fundi mwaminifu pale Nyakato, ashike mkononi kile alichokichora.