Nash Buckingham: Mcheza mpira aliyetekwa na bata

NASH Buckingham alikuwa mwanamichezo kwelikweli. Alizaliwa Memphis, Marekani, mwaka 1880, na mwaka 1902 alivaa jezi ya Chuo Kikuu cha Tennessee kwenye kandanda la Kimarekani, lile la kukimbia na mpira mkononi. Ngumi nazo alizipiga. Lakini leo anayekumbuka mechi zake ni nani? Jina lake limebaki kwa sababu ya bata.

Si bata hawa wa uani. Ni bata mwitu ambao kila baridi ikianza huhama kutoka Kanada na kufuata bonde la mto Mississippi kwenda kusini. Nash alianza kuwawinda akiwa mtoto, kwenye klabu aliyokuwamo baba yake, Beaver Dam.

Ng'ambo ya mto, jimbo la Arkansas, kuna uwindaji ambao mashabiki wake hawauachi hadi wanazeeka. Mito ikifurika, maji huingia msituni na bata hufuata matunda ya mialoni yaliyoanguka. Mwindaji husimama ndani ya maji ya baridi hadi kiunoni, giza bado, amejibana kwenye shina la mti. Anapuliza filimbi ya bata, anapiga maji teke ili yacheze, bata walio juu wadhani wenzao wako chini wanakula. Kisha kundi zima linajipenyeza katikati ya matawi, mabawa yamefunguka, karibu kabisa. Ni kama beki anayemsubiri straika: ukijitikisa mapema, umekwisha.

Nash alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, nzito, iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kulenga mbali. Rafiki yake aliibatiza Bo-Whoop, kutokana na mlio wake. Wawindaji wengi waliijua kwa jina, kwani jamaa alikuwa pia mwandishi, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1934.

Miaka hiyohiyo bata walipungua vibaya. Ukame ulikausha mabwawa wanakozalia, na watu walikuwa wameua bila kipimo. Hapo ndipo Nash anapostahili heshima zaidi kuliko kwa shabaha yake. Aliyekuwa anapenda kupiga kuliko wote alisimama kudai sheria kali, idadi ya kupiga kwa siku ishuke na bata wasivutwe kwa nafaka. Wawindaji wenzake hawakufurahi wote. Mwaka 1935 serikali ilipiga marufuku chambo hicho pamoja na bata hai wa kuwarubuni wenzao.

Desemba 1948 ikamkuta balaa. Akitoka kuwinda karibu na Clarendon, Arkansas, askari wa wanyamapori aliwasimamisha kukagua. Bunduki ikawekwa juu ya madigadi ya gari, mazungumzo yakakolea, gari likaondoka. Waliporudi kuitafuta, hola. Alitangaza kila mahali, wapi! Marafiki wakamtengenezea nyingine, lakini Bo-Whoop hakuiona tena. Alifariki mwaka 1971, akiwa na miaka 90.

Ilikuja kuibuka miaka zaidi ya 50 baada ya kupotea. Mwaka 2010 ikapigwa mnada kwa zaidi ya dola 200,000, na aliyeinunua akaikabidhi kwa Ducks Unlimited, shirika la kuhifadhi bata, lenye makao makuu Memphis.