Annalena Tonelli: Mseja aliyegeuka mama wa wagonjwa wa Wajir

KATA ya Wabera mjini Isiolo imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 28, 1963, miezi michache kabla ya Kenya kujipatia uhuru. Anayeondoka Isiolo kuelekea mashariki hupitia Modogashe kabla ya kuwasili Wajir. Huko nako kuna kumbukumbu ya marehemu mwingine: Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitaliano aliyeishi Wajir kwa takriban miaka 15.

Sifa zake za utabibu zinajulikana. Kisichosimuliwa sana ni dharau aliyoivumilia maishani kwa sababu moja tu: hakuolewa.

Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Alihitimu katika taaluma ya sheria, lakini badala ya kusimama mahakamani aliamua kuwahudumia maskini. Mwaka 1969 aliingia Kenya na kufanya kazi ya ualimu, kisha mwaka uliofuata akahamia Wajir.

Alikuwa kijana, mzungu na Mkristo katikati ya Wasomali walio Waislamu. Yote hayo yangeweza kusameheka. Lililowashangaza wenyeji kupita mengine ni kwamba alikuwa mwanamke mzima asiye na mume, na wala hakuonyesha dalili ya kumtafuta.

Ikumbukwe kwamba Tonelli hakuwa mtawa wa shirika lolote. Hakuwa na vazi wala cheo cha kanisa ambacho kingewaeleza watu sababu ya useja wake. Alikuwa amejitolea kwa Mungu na kwa maskini kwa hiari yake, bila hati wala mkuu wa kumtetea.

Katika jamii za wafugaji wa kaskazini, ndoa si jambo la watu wawili pekee. Ndiyo inayounganisha koo, kupitisha mifugo kutoka boma moja hadi jingine na kuhakikisha mzee hakosi mtu wa kumtunza. Aidha, Uislamu unaihimiza ndoa na hauna utaratibu wa utawa. Kwa hivyo asiyeoa au asiyeolewa hukosa mahali pa kuwekwa, na asiye na mahali hushukiwa.

Tuhuma zenyewe si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mtu wa namna hiyo ama atadhaniwa mgonjwa, ama amerogwa, ama ana mpenzi wa siri, ama ni mwenye kiburi. Ni nadra kuaminiwa kwamba ameridhika na hali yake.

Akitoa ushuhuda wake mjini Vatican mwishoni mwa mwaka 2001, Tonelli alikiri kwamba hata baada ya miaka 30, Wasomali wasiomfahamu walikuwa bado wakimtazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau kwa vile hana mume. Waliomfahamu, kwa upande wao, walimhesabu kuwa Msomali mwenzao na mama halisi wa wale aliowaokoa.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na mabishano. Yaliletwa na kifua kikuu.

Wakati huo wafugaji wengi waliacha matibabu njiani, kwani tiba ilikuwa ndefu na mifugo haingoji. Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Akawaruhusu wagonjwa kupiga kambi karibu na kituo wakiwa na vibanda vyao, wakakaa miezi 6, na kila siku wakameza dawa mbele ya mhudumu. Utaratibu wa aina hiyo wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa baadaye ulihimizwa na shirika hilo kote duniani.

Kisha ukaja Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na wanajeshi katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa bila maji na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema huenda waliokufa wakakaribia 1,000.

Tonelli na wenzake waliingia nyikani kuwatafuta majeruhi na kuzika maiti. Habari alizokusanya ziliwafikia wanadiplomasia, na mauaji hayo yakajulikana ng'ambo. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya.

Aliendelea na kazi hiyo hiyo nchini Somalia, na kuanzia mwaka 1996 katika mji wa Borama, Somaliland. Huko alianzisha hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi, akapinga ukeketaji na kuwahudumia wenye virusi vya ukimwi. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huo alipigwa risasi katika eneo la hospitali yake, akafariki akiwa na umri wa miaka 60.

Maisha yake yanagusa suala ambalo jamii zetu hulikwepa. Wapo wanaume na wanawake ambao tangu ujana wao hawavutiwi kimwili na mtu yeyote. Mwaka 2004 mtafiti wa Canada, Anthony Bogaert, alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000 na kubaini kuwa takriban mmoja katika kila 100 alikuwa wa hali hiyo. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulieleza bayana kwamba mtu anayejitambua hivyo hapaswi kuandikiwa ugonjwa wa kukosa hamu.

Si haki kumtia Tonelli katika kundi hilo. Useja wake ulikuwa ahadi ya imani. Hata hivyo, lawama ni zile zile, na wao hawana hata ahadi ya kidini ya kujitetea nayo. Aghalabu husukumwa na jamaa kuingia katika ndoa wasiyoitaka.

Madhara yake hayaishii kwa mmoja. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamruhusu mwanandoa kuomba ndoa ibatilishwe iwapo haijakamilishwa kwa tendo la ndoa tangu ifungwe. Maana yake ni kwamba shinikizo la wazee laweza kuishia mahakamani, watu wawili wakiwa wameaibishwa ambapo hakuna aliyestahili aibu.

Wajir ilihitaji miaka mingi na maelfu ya wagonjwa waliopona ndipo imsamehe Tonelli kosa la kutoolewa. Wengi wasiooa wala kuolewa hawana hospitali ya kuwaombea heshima. Nao pia ni watu wa kuheshimiwa, hata kama hawakumtibu mtu yeyote.