Muuza mbegu aliyeacha kombe la gofu

Wanaovusha mizigo kati ya Kobero na Kabanga wanajua faida ya vipimo vidogo. Samuel Ryder, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1858, alitajirika kwavyo. Baba yake, naye muuza mbegu, hakuafiki wazo la pakiti za peni moja. Kijana akahamia St Albans, akawa anazituma kwa posta kila Ijumaa, zimfikie kibarua Jumamosi, mchana wake wa kulima bustani.

Gofu aliianza akikaribia miaka 50, afya imezorota. Baadaye akatoa kombe la dhahabu lishindaniwe na wachezaji wa kulipwa wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1927, huko Worcester, Massachusetts, Wamarekani walishinda 9½ kwa 2½. Mwalimu wake, Abe Mitchell, ambaye sanamu yake iko juu ya kombe hilo, alikuwa mgonjwa, hakusafiri.

Mikwaju haijumlishwi. Kila shimo hushindaniwa peke yake, na anayeongoza kwa mashimo huipa timu pointi moja. Ukiharibu shimo moja, hasara haikufuati kwenye linalofuata. Mfanyabiashara angeipenda hesabu hiyo.

Ryder alifariki 1936. Waingereza walishindwa mara nyingi hadi 1979, walipoungana na Ulaya nzima. Mwaka 1985 kombe likarudi.