Masinde Muliro na Suala la Nyumbani

Nyumbani kwa mtu ni wapi? Ni pale alipozaliwa, pale anapofanya kazi, au pale atakapozikwa? Maisha ya hayati Masinde Muliro yanatupa jibu la kutafakari.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, jirani na Kabuchai, katika jamii ya Wabukusu. Aliliacha boma la wazazi wake kwa ajili ya elimu, akafika hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Alirejea mwaka 1954 akawa mwalimu. Mwaka 1957 alimshinda W.W.W. Awori katika uchaguzi, akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Tangu hapo Nairobi ikawa uwanja wake wa kazi.

Hata hivyo, moyo wake ulielekea Kitale. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imetwaliwa na walowezi, nao Wabukusu waliihesabu kuwa ya babu zao, ingawa wengi wao waliikanyaga kama vibarua tu. Katika mijadala ya majimbo ya mwaka 1962, Muliro, aliyekuwa kiongozi wa KADU, alidai Kitale iwekwe katika Jimbo la Magharibi. Dai hilo liligonga mwamba. Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Hakukata tamaa. Alifanya makazi yake huko, akawahimiza watu wake wanunue mashamba. Kilichokosekana kwa kalamu kikatafutwa kwa jembe.

Mjini alipata vyeo na kuvipoteza. Mwaka 1975, baada ya kuiunga mkono ripoti ya Bunge kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, alifutwa uwaziri. Kiti cha mjini ni cha kuazima; mwenyewe akikitaka, huna budi kuinuka.

Mnamo tarehe 14 Agosti 1992, akiwa miongoni mwa viongozi wa FORD, Muliro alifariki ghafla katika uwanja wa ndege wa Nairobi aliporejea kutoka London. Hakuwahi kufika kwake akiwa hai. Alizikwa Trans Nzoia; si Nairobi alikotumikia, wala Matili alikozaliwa. Kaburi lake likawa hati ya mwisho ya dai lake la mwaka 1962.

Leo chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake. Nasi tunaopanga vyumba mijini tukumbuke kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kwao mtu si urithi pekee, bali pia ni pale anapopatolea jasho.