Samuel Insull, mtu aliyetaka mita ijue saa

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki Butembo na Beni wakati mabwana wako ku mashimo ya Manguredjipa ao kwingine, leo hatuongei juu ya bei ya dhahabu. Tunaongea juu ya bei ya umeme, na juu ya mtu mmoja aliyekufa zamani. Mawazo yake yangali yanaingia mu nyumba zetu kila mara tunapowasha ampule.

Samuel Insull alizaliwa London tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1859, mu jamaa isiyokuwa na mali. Akiwa na miaka 14 tu alianza kazi ya kutumwa-tumwa mu biro. Alijifunza kuandika kwa alama za haraka, na ile ufundi ndiyo ilimfungulia mlango: alipata kazi kwa mtu aliyemwakilisha Thomas Edison kule Uingereza. Mwaka 1881, akiwa na miaka 21, alivuka bahari mpaka New York, akakuwa sekretere wa Edison mwenyewe.

Mwaka 1882 Edison alifungua mashine za umeme ku barabara ya Pearl, New York. Mita zake za kwanza hazikuwa na namba. Zilikuwa chupa zenye maji ya dawa na vibamba vya zinki ndani. Umeme ukipita, zinki inahama kidogo kidogo. Kisha mtu wa sosiete anakuja kubeba vibamba na kuvipima ku mizani, sawa vile mnunuzi anapima dhahabu yenu. Mizani ilionyesha umetumia kiasi gani. Haikuonyesha ulitumia saa gani.

Mwaka 1892 Insull alihamia Chicago kuongoza sosiete ndogo, Chicago Edison. Kule ndiko alikutana na shida yenyewe. Mangaribi watu wote waliwasha taa pamoja, mashine zikachoka. Usiku wa manane na mchana mashine zililala. Lakini deni la kuzinunua halikulala. Ninyi mnajua hii: ukikopa feza ya kununua motopompa, na inafanya kazi saa moja tu kwa siku, mwenye deni atakuja kuomba feza yake yote vilevile.

Mwaka 1894 alirudi Uingereza kutembea, akafika mu mji wa Brighton ku bahari. Aliona maduka, hata madogo, yanawaka taa nyingi bila kuogopa bei. Akauliza sababu. Kumbe injinia mmoja wa pale, Arthur Wright, alikuwa ametengeneza mita iliyoshika kiasi cha juu kabisa ambacho mteja alivuta kwa mara moja. Kwa hiyo fakitire ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, ya bei kali, ililipia mashine zinazokungoja. Ukiisha kuimaliza, umeme unaofuata ulikuwa wa bei chini.

Insull alipeleka ile namna Chicago. Tena akaanza kutafuta wateja ambao saa zao haziachani nafasi: tramu, viwanda, watengenezaji wa barafu. Mmoja akizima, mwingine anawasha, mashine inatumika siku nzima. Mwaka 1903 alisimamisha ku Fisk Street turbini ya kilowati 5,000, kubwa sana kwa wakati ule. Alishusha bei, wateja wakaongezeka, akashusha tena. Mwaka 1907 sosiete zake za Chicago ziliungana kuwa Commonwealth Edison.

Hapa tusimame kidogo tuangalie ku ukuta wa nyumba zetu. Umeme wa Luviro, mu teritware ya Lubero, na wa Mutwanga, ku miguu ya Ruwenzori, unatoka ku maji ya mto. Mto hauzimwi usiku. Saa nane za usiku maji yangali yanapita, na pengine hakuna anayetumia ile nguvu. Saa moja ya mangaribi watu wote tunapiga pasi, tunapika, tunaangalia televizyo. Ndiyo sababu, mu inchi nyingi, kuko mita zenye namba mbili: moja inahesabu saa za wengi, ingine inahesabu saa za usiku. Bei haiko moja. Zile mita ni watoto wa wazo la Brighton, lakini zenyewe zinaangalia saa.

Tupige hesabu ya mfano tu. Plake ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili inakula kilowati-saa 3. Tuseme moja ni senti 20 mangaribi na senti 10 usiku. Ukipika zote mangaribi, ni senti 60 kwa siku, dola 18 kwa siku 30. Ukipeleka 2 usiku, kama vile kuchemsha maharage ya kesho, ni senti 40 kwa siku, dola 12 kwa siku 30. Kwa nyumba isiyotumia tena makala, pasipo kitu kingine ila umeme, ile dola 6 si mchezo. Lakini angalisho: kama mita yako, hata ya cash power, iko na bei moja tu, kuamka usiku hakutapunguza kitu. Uliza kwanza wanaokuuzia umeme, kisha ndiyo upange saa zako.

Turudi kwa Insull, juu maisha yake hayakuishia mu sifa. Alijenga sosiete juu ya sosiete, moja inashika ingine, zote mu madeni. Sehemu za zile sosiete aliziuzisha kwa watu wadogo: wateja wake, wafanyakazi, wamama wenye akiba kidogo. Soko la feza lilianguka 1929, na mwaka 1932 nyumba yake yote ilibomoka. Mamia ya maelfu ya watu walipoteza akiba yao. Yeye akakimbilia Paris, kisha Ugiriki. Mwaka 1934 alikamatwa mu Istanbul, akarudishwa Chicago mbele ya tribinali. Waamuzi walimwachilia, na kesi zilizofuata vilevile. Lakini feza ya watu haikurudi. Mwaka 1935 Marekani iliweka sheria ya kuzuia sosiete za umeme kupandana namna ile.

Tarehe 16 mwezi wa 7 mwaka 1938, moyo wake ulisimama mu metro ya Paris. Mu mfuko walikuta makuta kidogo tu.

Sisi tunamkumbuka kwa pande zote mbili. Alionyesha kwamba umeme unaweza kushuka bei kama watu wanagawana saa. Alionyesha pia kwamba mtu anayejua kuhesabu nguvu ya mashine anaweza kukosea hesabu ya deni. Bwana akirudi kutoka ku shimo, someni mita pamoja na kuandika namba mu kaye kila juma. Na akiba ya dahabu, kabla ya kuipatia mtu anayeahidi faida, ulizeni vilevile: feza iko wapi, na nani anaihesabu?