Barghash: Sultani aliyeinuliwa na meli, akaangushwa na meli

SULTANI Barghash bin Said aliposhika utawala wa Zanzibar mnamo Oktoba 1870, kisiwa cha Unguja kilikuwa kingali kikiishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarejesha. Mfanyabiashara aliyechelewa alisubiri msimu mwingine.

Mwana huyo wa Seyyid Said alikuwa ameshaonja machungu ya siasa. Mwaka 1859 alimwasi nduguye, Sultani Majid, akashindwa Waingereza walipoingilia kati, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa Novemba 1869. Mwaka 1872 kampuni ya William Mackinnon, British India Steam Navigation, ilianzisha safari ya kila mwezi ya meli ya barua baina ya Aden na Zanzibar. Mwaka huohuo kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa shamba kuu la zao hilo.

Biashara haikungoja upepo tena. Pembe za ndovu na karafuu zilipata soko la haraka, na forodha, iliyokuwa tegemeo la hazina ya Sultani, ikanufaika. Barghash naye akanunua meli zake za moshi, zikawa zikisafiri hadi Bombay. Aliuletea mji maji ya bomba kutoka Chemchem, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib.

Hata hivyo, njia iliyoleta mali ilileta pia amri. Mwaka 1873 Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni Barghash akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao pale Mkunazini. Kwa waliokuwa wakiuzwa hapo, huo ulikuwa mwanzo wa ukombozi, ingawa utumwa wenyewe haukufutwa Zanzibar hadi 1897. Kwa Sultani, ilikuwa ishara kwamba kauli ya mwisho haikuwa yake tena.

Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, akalazimika kukubali madai yao ya bara. Mapatano ya 1886 yakambakishia visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 na miji michache ya kaskazini. Mwaka 1887 ukanda wa kutoka Umba hadi Kipini, pamoja na Mombasa, alikabidhi usimamizi wake kwa chama cha Mackinnon yuleyule mwenye meli za barua.

Barghash alifariki Machi 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Bendera nyekundu ya masultani iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963, Kenya ilipojipatia uhuru, lakini mamlaka yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa yameondoka zamani.