Siku ya Karume tusimulie maisha yake

Mhariri,

Kila Aprili 7 Mzee Abeid Amani Karume husomewa hitma Kisiwandui, alikouawa kwa risasi mwaka 1972. Ni jambo jema. Lakini naona vijana wetu hapa Mtambile wanajua alivyokufa kuliko alivyoishi: baharia aliyekuja kuongoza ASP mwaka 1957, akawa Rais baada ya Mapinduzi ya 1964, akaunganisha nchi na Tanganyika, akafuta ada za shule, akawagawia wakulima eka tatu tatu. Wazee wa Pemba hukumbuka pia uhaba wa mchele wa miaka yake ya mwisho. Nao usifichwe. Naomba wahusika wawahoji wazee hao wangali hai.

Msomaji,
Mtambile, Pemba.